Bibi Hakuuza Usiku

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia, na kwa wale walioomba kuyapata kwa maandishi.



Leo sitazungumzia bei ya pamba wala bei ya sangara. Nataka tuzungumze juu ya picha. Najua wapo watakaosema, picha nayo ni jambo la kupoteza muda wa redio? Naomba mnivumilie kidogo, mtaona ninakoelekea.

Nyumbani kwangu hapa Musoma iko picha moja ya marehemu mama. Ilipigwa mwaka 1994, sokoni, ndani ya banda ambamo aliuza mchele na dagaa kwa miaka zaidi ya kumi. Aliyeipiga alikuwa mmoja wa wale vijana waliokuwa wakizunguka mitaani na kamera shingoni, mkanda wa picha 36 ndani, na taa ya flashi juu yake. Alipiga, akachukua malipo ya kwanza, akaenda kusafisha mkanda wake, na baada ya wiki mbili akarudi na picha. Mama aliifurahia sana. Aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni, na mpaka leo iko palepale.

Sasa, mwaka jana mjukuu wake mmoja, mtoto wa darasa la pili, aliitazama picha ile kwa makini kisha akaniuliza: "Babu, kwani bibi alikuwa anauza usiku?"

Nikacheka. Halafu nikainuka nikaenda kuitazama upya, na kicheko kikaniishia. Mtoto alikuwa sahihi. Katika picha ile uso wa mama unang'aa kama umepakwa unga. Mbele yake yanaonekana mabakuli mawili na ncha ya mizani. Nyuma yake ni giza tupu, giza kama la saa nane ya usiku. Na mimi nakumbuka vizuri kwamba ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua linawaka, na ndani ya lile banda mlikuwa na mwanga mzuri ajabu. Ulishuka kutoka kwenye nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na paa, ukapita kwenye kenchi za mbao, ukaangukia sakafu ya saruji iliyokuwa imelika kwa nyayo za watu. Vumbi la mchele lilikuwa likielea ndani ya mwanga ule. Kulikuwa na safu za vizimba, magunia, wapagazi wakipita, akina mama wakiitana. Vyote hivyo havimo kwenye picha.

Banda lile halipo tena. Lilivunjwa, na sisemi kwamba lilivunjwa kwa makosa, maana majengo huzeeka kama watu. Ninachosema ni kwamba nilipotaka kumweleza mtoto yule lilivyokuwa, sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Nilibaki napunga mikono hewani: "Hapa palikuwa na nguzo, pale palikuwa na mlango." Mtoto akasikiliza kwa adabu, kisha akaenda kucheza.

Naam, ndugu wasikilizaji, hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo. Watu wetu tumewapiga picha, lakini mahali walipoishi maisha yao hatukupapiga. Masoko, stendi, makanisa na misikiti, kumbi za mikutano, vyumba vya kusubiria, ndani ya majengo haya ndimo siku zetu zinamopita. Hata hivyo, fungua albamu yoyote ya harusi au ya ubatizo mjini hapa, utaona sura zinazong'aa na nyuma yake giza. Mtu anayeangalia atadhani mkoa wa Mara mzima uliishi usiku.

Tujiulize kwanza, giza lile lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye flashi yenyewe. Watu wengi hudhani flashi huleta mwanga. Ni kweli, lakini huuleta karibu tu. Mwanga wa taa ndogo hupungua upesi sana kadiri unavyokwenda mbali. Kama mtu aliyesimama mita 2 kutoka kwenye kamera anapata mwanga wa kumtosha, aliyesimama mita 4 anapata robo tu ya mwanga huo, na aliye mita 8 anapata sehemu moja ya kumi na sita. Kamera nayo hujipima kwa yule aliye karibu. Basi aliye mbele anawaka, na soko zima lililo nyuma yake linazama. Yule kijana wa mwaka 1994 hakuwa mjinga. Mikanda mingi ya siku zile ilihitaji mwanga mwingi, na mteja alilipia uso wake, hakulipia kenchi za soko. Lakini leo simu nyingi zilizomo mifukoni mwetu zinaweza kuona gizani kuliko kamera ya kijana yule, na bado tunawasha flashi saa nne ya asubuhi. Hapo hatuna pa kujitetea.

Dawa yake ni rahisi, nayo haiuzwi dukani. Zima flashi. Tumia mwanga uliopo. Mwanga uliopo ni ule unaoukuta mahali hapo kabla hujafika: wa dirishani, wa mlangoni, wa tundu la bati, wa taa ya dukani. Huo ndio uliowaangazia watu wa mahali pale siku zote, na ukiubadilisha umebadilisha mahali penyewe.

Mwanga huo una saa zake, na sisi watu wa Mara tuna jambo letu la kujua. Saa ya Tanzania hufuata mstari wa digrii 45 za mashariki, lakini Musoma iko karibu na digrii 34. Kila digrii moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua letu huchelewa kwa dakika 45 hivi nyuma ya saa ya ukutani. Saa sita kamili ya mchana, jua la Musoma bado halijafika juu. Hufika karibu saa saba kasorobo, likitangulia au kuchelewa kidogo kulingana na mwezi. Anayetaka mwanga wa ubavuni, ule unaoingia kwa kulala na kuonyesha umbo la nguzo na mikunjo ya magunia, ana nafasi nzuri mpaka saa nne na nusu ya asubuhi, na tena kuanzia saa kumi ya alasiri.

Halafu kuna majira. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na nusu tu. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita utosini kabisa. Mwezi Juni na Julai liko upande wa kaskazini, na madirisha ya kaskazini ndiyo yanayopata jua. Desemba na Januari liko kusini, na madirisha ya kusini yanapata zamu yao. Fundi anayejenga hulijua hili kwa sababu ya joto. Mpiga picha anapaswa kulijua kwa sababu ya mwanga. Kanisa au ukumbi uliouona umefifia mwezi Juni, rudi Desemba, huenda ukadhani umeingia jengo jingine.

Najua yuko msikilizaji anayesema: haya ni maneno, lakini nikizima flashi picha yangu inatoka imetikisika. Ni kweli. Mwanga ukiwa mdogo, kamera huacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukicheza kidogo tu, picha imeharibika. Basi fanya kama afanyavyo mtu mwenye kubeba mzigo mzito: tafuta pa kuegemea. Egemea nguzo. Weka viwiko juu ya meza, au iegemeze simu kwenye fremu ya dirisha. Vuta pumzi, itoe nusu, kisha bonyeza polepole. Kwa mtu aliyeegemea vizuri, hata sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde haimshindi. Simu nyingi za siku hizi, ukizishika kwa utulivu gizani, hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Hapo utulivu wako ndio unaofanya kazi.

La pili, usisimame ukitazama mlango ulio wazi. Nje kuna jua kali na ndani kuna kivuli, na kamera haiwezi kuvitosheleza vyote viwili kwa mara moja; itachagua nje, na walio ndani watakuwa vivuli vyeusi. Geuka. Mlango uwe ubavuni au mgongoni kwako, acha mwanga wake ukufanyie kazi. Na kama simu yako inakubali, gusa kwenye kioo pale palipo na kivuli ili ijue unachokitaka.

La tatu, tazama rangi. Vibanda vyetu vingi vina turubai la bluu juu, na chini ya turubai la bluu kila kitu ni bluu: nyanya, uso wa mtu, hata ugali. Taa ndefu za mirija nazo zilikuwa zikitia mikanda ya zamani rangi ya kijani. Sogea hatua mbili kuelekea mahali penye mwanga wa nje na rangi itarudi. Au iache bluu ibaki, kama kweli ndivyo mahali pale palivyo. Huo ni uamuzi wako, lakini uwe uamuzi, isiwe bahati mbaya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni gumu kuliko yote haya, nalo ni watu. Jengo la umma huwa limejaa watu, nao hawatulii. Utafanyaje?

Hebu twende mbali kidogo, tutarudi. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha barabara moja ya mjini Paris kutoka dirishani juu. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi tele. Lakini kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kupokea picha moja, na kila aliyekuwa anatembea hakuacha alama. Picha ilipotoka, barabara ilikuwa tupu. Tupu, isipokuwa katika kona moja, ambako mtu mmoja alikuwa amesimama akipigwa kiatu rangi. Kwa kuwa alitulia, akabaki. Anahesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha, na jina lake hatulijui.

Miaka mingi baadaye, Mwingereza Frederick Evans, aliyekuwa muuza vitabu mjini London kabla ya kuwa mpiga picha, alijulikana kwa picha za ndani ya makanisa makubwa ya zamani. Mwanga aliotumia ni ule wa jengo lenyewe, na subira yake katika kuungoja ilijulikana. Mwaka 1903 alipiga picha ngazi za mawe katika kanisa kuu la mji wa Wells. Ndani ya picha ile hakuna mtu hata mmoja. Lakini ngazi zimelika katikati, zimeinama kama mawimbi, kwa sababu ya nyayo za watu wa karne nyingi. Ukiitazama unawaona waliopita.

Nimewataja wawili hawa kwa sababu wanatufundisha mambo mawili yanayofaa sokoni kwetu. Kwa Daguerre tunajifunza kwamba katika mwanga mdogo, anayetembea hufutika na anayetulia hubaki. Basi ukipiga picha soko lenye pilikapilika, mtafute aliyetulia: mama anayehesabu chenji, fundi aliyeinamia cherehani, mzee anayesubiri. Yeye atakuwa nanga ya picha yako, na wengine watapita kama upepo, na huo upepo ndio utakaoonyesha kwamba mahali palikuwa na watu. Kwa Evans tunajifunza kwamba hata pasipo na mtu, jengo lina kumbukumbu ya watu. Sakafu iliyolika mbele ya kizimba cha marehemu mama ilikuwa picha yake pia. Hakuna aliyeipiga.

Lakini ndugu zangu, mtu hapigwi picha kama ngazi. Mtu ana haki zake.

Mwezi uliopita nilikuwa Bunda nikingoja usafiri. Kando ya stendi kuna mama lishe mwenye kibanda cha miti na mbao, turubai juu. Jua lilikuwa likipenya kwenye nafasi za mbao na kuukata moshi wa kuni vipande vipande. Nikasema moyoni, mwanga ndio huu. Nikatoa simu. Kabla sijaiinua vizuri, yule mama, bila hata kugeuka kutoka kwenye sufuria yake, akaniuliza:

"Baba, hiyo picha unaipeleka wapi?"

Niliona aibu, maana hata salamu sikuwa nimetoa. Nikarudisha simu mfukoni, nikamsalimu, nikasalimia na waliokuwa wameketi, nikaagiza chai na chapati. Tulipozoeana kidogo nikamweleza habari ya picha ya mama yangu na swali la mjukuu. Akanisikiliza, kisha akasema:

"Mimi sikatai picha. Lakini mahali nilipokuwa zamani walikuja watu na kamera, wakapiga kila upande, hawakusema neno. Wiki mbili baadaye tukaambiwa tuhame. Sasa nikiona kamera, tumbo linanikata."

Sikumuuliza walikuwa watu gani, wala yeye hakuwataja. Nilielewa. Sisi wenye kamera tunadhani tunashika chombo cha kumbukumbu. Kwa mwenye kibanda, kamera inaweza kuwa mwanzo wa kufukuzwa. Anayepiga bila kusema neno ni kama mtu anayepima ukuta wa nyumba yako kwa kamba bila kubisha hodi.

Basi nikamwambia ukweli wote: picha ni yangu, sitaiuza, na nitamletea nakala iliyosafishwa. Akafikiri, akasema, "Haya piga, lakini masufuria yangu yaliyoungua usiyaonyeshe." Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa uji akainua mkono: "Mimi usinitie." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nitangoja umalize." Akaitikia, akamaliza uji wake bila haraka, akaondoka. Ndipo nikapiga.

Nataka mwangalie jambo hapo. Kule kungoja kulinifaa mimi kuliko mzee yule. Katika zile dakika kumi jua lilisogea, moshi ukapungua, watu wakanisahau, na mama akarudi kwenye kazi yake kama kawaida. Ningepiga kwa wizi mwanzoni, ningepata picha ya watu waliokasirika. Adabu na mwanga vyote viwili vinataka subira, na anayevikosa kimoja mara nyingi hukosa na kingine.

Wiki iliyofuata nilimpelekea picha yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atasema amependeza. Akasema, "Kumbe turubai limetoboka pale juu." Kisha akaichomeka kwenye ubao nyuma yake, mahali ambapo kila mteja ataiona.

Sheria nayo ipo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa maisha yake binafsi. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Yapo pia maeneo ya ulinzi na usalama ambako kamera haitolewi mfukoni bila kibali, na mtu asije akaniambia redio ilimtuma. Lakini hata pasipokuwa na askari wala sheria, liko swali la yule mama wa Bunda, nalo linatosha: hiyo picha unaipeleka wapi? Asiye na jibu la kumpa mtu usoni, aiache simu yake mfukoni.

Kutoka Bunda na kutoka Musoma watu wengi huenda Butiama, hasa wanafunzi na wageni, kutembelea Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere na kaburi lake pale Mwitongo. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule ambao Mwalimu alifariki mjini London tarehe 14 Oktoba na kuzikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Kule nako kamera zinahitaji akili. Kwanza muulize mhudumu kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, na ukubali jibu lake. Pili, vitu vya zamani, hasa nguo, karatasi na picha za rangi, hufifishwa na mwanga, na kilichofifia hakirudi. Ndiyo maana makumbusho mengi duniani yanakataza flashi. Tatu, kabati la kioo halipendi flashi kabisa. Litakurudishia taa yako mwenyewe, na utakwenda nyumbani na picha ya doa jeupe. Izime, simama kwa mshazari, sogeza lenzi karibu na kioo bila kukigusa, na kama umevaa shati jeupe, jua kwamba utajiona ndani ya kioo.

Na kaburini, tulieni kwanza bila kamera. Wako wanaofika pale kwa kusoma historia, na wako wanaofika kwa huzuni, maana pale pia ni nyumbani kwa familia. Mwanga wa Butiama, kati ya yale mawe makubwa na miti, hautakimbia ukiusubiri dakika tano.

Ndugu wasikilizaji, mtaniuliza, kwa nini nihangaike na ndani ya soko au kibanda cha stendi? Si majengo ya kifahari.

Nawajibu kwa mfano wa Dar es Salaam. Soko Kuu la Kariakoo lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likakamilika katikati ya miaka ya 1970. Mapaa yake ya zege yana umbo la miavuli iliyopinduliwa, na kila aliyewahi kuingia anajua jinsi mwanga ulivyokuwa ukishuka kutoka juu hadi kwenye meza za wafanyabiashara. Tarehe 10 Julai 2021 usiku likaungua. Usiku ule simu nyingi zilirekodi moto. Tujiulize kwa uaminifu: katika simu hizo, ngapi zilikuwa na picha ya ndani ya soko siku ya kawaida, saa nne ya asubuhi, watu wakiuza na kununua? Tunakimbilia kupiga picha mahali panapokufa. Mahali panapoishi tunapita.

Na kama Kariakoo, soko linalojulikana nchi nzima, linaweza kuungua kwa usiku mmoja, je, banda la samaki la Mwigobero? Je, kibanda cha chai cha Bunda? Haya yanabadilishwa kila siku: bati linatolewa, ukuta unasogezwa, barabara inapanuliwa. Sidai tuyazuie mabadiliko. Soko jipya lenye choo, maji na sakafu safi ni jambo jema, na mama yangu angelifurahia. Nadai tu kwamba kabla ya nyundo ya kwanza, awepo mtu wa kuingia ndani asubuhi, kuomba ruhusa, kuegemea nguzo, na kupiga.

Shule zinaweza kufanya. Mwalimu wa historia, badala ya kuwapa wanafunzi tarehe tu, awape kazi ya kupiga picha ndani ya jengo moja la zamani la mtaani kwao na kumwuliza mzee mmoja lilijengwa lini na nani. Halmashauri zetu zinapotangaza kuvunja jengo la umma, ziweke kwanza picha za ndani yake katika kumbukumbu zao, kila pembe, watu wakiwemo kwa ridhaa yao. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kibao cha jiwe la msingi.

Na wewe unayenisikiliza, nakupa kazi ya juma hili. Chagua mahali pamoja unapopita kila siku. Nenda bila simu mara ya kwanza, ukatazame tu mwanga unaingilia wapi na saa ngapi. Nenda mara ya pili, uombe ruhusa. Zima flashi. Piga picha tatu, si mia tatu. Chagua moja, uisafishe kwenye karatasi, maana simu huibiwa na simu huanguka ziwani. Nyuma yake andika kwa kalamu: mahali, tarehe, saa, na majina ya waliokubali kutajwa. Nakala moja mpe mwenye mahali. Ya pili weka nyumbani, watoto waione.

Mimi nimekwisha kuanza. Jumamosi iliyopita nilimchukua yule mjukuu, tukaenda pamoja sokoni saa tatu na nusu ya asubuhi. Nilimwonyesha mwanga ulivyokuwa ukiingia kwa ubavu juu ya magunia. Muuza mchele mmoja alitukubalia, baada ya kutuuliza tunaipeleka wapi. Mtoto akaegemea nguzo, akazuia pumzi mpaka mashavu yakamvimba, akabonyeza. Picha imepinda kidogo. Lakini nguzo zinaonekana, kenchi zinaonekana, na yeyote atakayeitazama miaka thelathini ijayo atajua kwamba ilikuwa asubuhi.

Kwa leo naishia hapo. Nawatakia juma jema.